Tochi ya kujiundia, ya dukani, au mitungi miwili: ulinganisho kwa anayeunga sanamu za chuma Nairobi

Kongoti wa kwanza niliyemuunga kwa mikono yangu alivunjika shingo ndani ya matatu, kabla hajafika kwa mteja. Nilikuwa nimempakata kama mtoto. Dereva akakanyaga breki karibu na Nyayo Stadium, pale pale ambapo kongoti wa kweli husimama juu ya migunga ya Mombasa Road wakiwatazama abiria kama mahakimu waliostaafu, na kichwa cha ndege wangu kikabingirika hadi miguuni pa kondakta. Akakiokota, akakigeuza, akaniuliza kama huyo naye amelipa nauli.

Jioni nilikikagua kile kidonda. Shaba ilikuwa imekaa juu ya chuma kama tone la nta juu ya meza: limeviringana, linang'aa, na chini yake chuma ni kikavu na cheusi. Haikuwa imeshika popote. Nililaumu tochi yangu, kifaa cha kutoa mwali wa moto nilichokiunda kwa kipande cha bomba na gesi ya kupikia, na kesho yake nikaanza kuulizia bei ya mitungi miwili, oksijeni na asetilini.

Tangu siku hiyo nimefanya kazi kwa tochi za aina zote tatu: ya kujiundia, ya kununua inayotumia gesi ileile ya mtungi wa jikoni, na ile ya mitungi miwili. Naziweka ubavu kwa ubavu hapa kwa sababu kila mwezi kuna kijana anayeniuliza anunue ipi, na jibu langu limekuwa refu mno kulitoa kwa simu.

Joto unalolihitaji kwa kweli

Tuelewane maneno kwanza. Kuchomelea ni kuyeyusha chuma chenyewe ili vipande viwili viwe kimoja. Breizingi ni kuacha chuma kikiwa kigumu na kuyeyusha rodi peke yake, yaani kijiti cha madini ya kuungia, kisha ile rodi inanyonywa kwenye mwanya kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Kulehemu ni jambo lilelile lakini kwa joto la chini. Mpaka uliokubaliwa kati ya hayo mawili ni nyuzi 450 za Selsiasi.

Kwa sanamu za vyuma kuukuu, breizingi ina faida ambayo mashine ya umeme ya kuchomelea haina: inaunganisha vitu visivyo vya ukoo mmoja. Mnyororo wa baiskeli kwa mfereji wa shaba, uma kwa spoki, msumari kwa kufuli kuukuu. Mashine ya umeme ikigusa uma inatoboa tundu kabla hujapepesa jicho.

Sasa angalia namba. Rodi ya kawaida ya shaba nyekundu na zinki, ile ya rangi ya dhahabu inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya kuchomelea, huyeyuka kati ya nyuzi 870 na 900 hivi. Rodi zenye fedha nyingi, asilimia 45 hadi 56, huyeyuka kati ya nyuzi 620 na 680. Moto wa gesi ya kupikia ukichanganyika vizuri na hewa tu unaweza kukaribia nyuzi 1,950. Ukiipa gesi hiyohiyo oksijeni safi, inafika 2,800. Asetilini na oksijeni huvuka 3,100.

Kwa hiyo hata moto dhaifu kuliko yote una joto maradufu ya linalohitajika. Hapo ndipo wengi wanapotea, mimi nikiwa wa kwanza. Wanalinganisha tochi kwa ukali wa mwali, ilhali cha kulinganisha ni joto kiasi gani linaingia kwenye chuma kwa dakika, dhidi ya kiasi gani kinachotoroka. Spoki ya baiskeli inapata rangi ya chungwa kwa sekunde chache juu ya tochi yoyote. Gia ya nyuma ya baiskeli inachukua dakika kadhaa. Kipande cha springi ya lori kinameza moto wa tochi ndogo mchana kutwa na kubaki na wekundu wa aibu tu, kwa sababu joto linakimbilia upande wa pili kwa kasi ileile unayoliingiza.

Tochi ya kujiundia

Muundo wenyewe ni mwepesi. Gesi inatoka kwa nguvu kwenye tundu dogo sana, inapita katikati ya bomba lililo wazi nyuma, na mwendo wake unavuta hewa ya kando iingie nayo. Ndani ya bomba vinachanganyika, na mdomoni kuna kipande kipana kidogo kinachopunguza kasi ili mwali utulie pale usipeperuke.

Tundu hilo, jeti, ndilo roho ya kifaa. Wengi wetu tunatumia ncha ya shaba ya mashine ya kuchomelea ya MIG, ile inayopitisha waya, kwa sababu imetobolewa kwa usahihi kiwandani na ni ya bei ya soda. Kwa bomba la nusu inchi, ncha ya waya wa milimita 0.6, kwa bomba la robo tatu inchi, ya 0.8 au 0.9. Bomba la kuchanganyia liwe na urefu wa mara nane au tisa ya upana wake wa ndani. Jeti ikae katikati kabisa. Nasema kabisa kwa sababu yangu ya kwanza ilikuwa imeinama kwa unene wa ukucha tu, na mwali wake ulikuwa unalamba upande mmoja, wa manjano, ukipaka masizi kila nilichokigusa.

Tumia bomba jeusi, si lile lililopakwa zinki, walau kwa sehemu ya mdomo. Zinki huchemka kwa nyuzi 907, na mdomo wa tochi unaweza kufika hapo. Moshi wake mweupe ukiuvuta mchana, usiku utatetemeka na homa ukidhani ni malaria.

Kuna jambo la Nairobi ambalo michoro ya mtandaoni haikwambii. Mji huu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama nne kwa tano ya ule wa Mombasa. Tochi iliyopimwa pwani ikiwashwa Kariobangi inaelekea kukosa hewa: mwali unakuwa mrefu, mlegevu, wenye ncha ya manjano. Dawa ni kupanua mlango wa hewa nyuma au kushuka kwenye jeti ndogo. Mimi nilihangaika wiki nzima na kichwa cha tochi kabla sijajua kwamba tatizo ni hewa ninayoipumua.

Faida za tochi hii zipo. Nilitumia chini ya shilingi elfu mbili kwa vipande vya kichwa chake, bila kuhesabu regyuleta, yaani kidhibiti cha mgandamizo wa gesi, na mpira, na nitarudi kwa hivyo viwili. Ikiharibika unaitengeneza kwa spana na tupa. Unaweza kuwa na vichwa viwili vya ukubwa tofauti kwa mkono mmoja. Na ukishaiunda, umeuelewa moto. Hakuna tochi nyingine itakayokusumbua tena.

Kasoro zake ni mbili, na zote zinajitokeza kazini, si siku ya majaribio. Ya kwanza ni upepo. Ya pili ni kona. Tochi inayovuta hewa yenyewe haipendi kusukumwa mahali palipobana, kwa sababu moshi wake ukikosa njia ya kutokea unarudisha mgandamizo nyuma na hewa mpya haiingii. Ndege ana makwapa. Kila nilipojaribu kuunga bawa la kongoti kwa ndani, tochi ilikohoa, ikazima, na gesi ikaendelea kutoka ikiwa haijawaka. Hapo unafunga vali, unasubiri, unapunga hewa, unaanza upya. Ukiwa na haraka, hii si tochi yako.

Lakini ni ipi sehemu ya kujiundia? Kauli yangu ni hii, na sijaibadilisha: jiundie mdomo, nunua koo. Kichwa cha tochi kiko wazi pande mbili, gesi iliyomo haina pa kujikusanya. Kosa la pale linakupa mwali mbaya. Kila kilicho kabla ya jeti, yaani regyuleta, mpira, klipu, vali na viungo vyake, kina gesi yenye mgandamizo ndani, na kosa la pale linakupa habari za saa tatu usiku. Mpira uwe wa gesi, si wa kumwagilia maji. Vali iwe ya gesi. Kila kiungo kipakwe povu la sabuni kabla ya kuwasha, kila mara, hata kama jana kilikuwa sawa. Kiberiti si kipimo cha kuvuja.

Na regyuleta ya jikoni haifai. Ile inayobofywa juu ya mtungi wa kilo 13 hutoa gesi kwa mgandamizo mdogo sana, wa kutosha kuchemsha chai. Ukiitumia, jeti inapumua badala ya kupuliza, na mwali unaweza kurudi ndani ya bomba na kuanza kuwaka kwenye jeti huku ukivuma kama nyuki kwenye debe. Unahitaji regyuleta ya mgandamizo wa juu inayorekebishika, ya kufika bar 1 hadi 2. Nimeona mafundi wakifunga mpira moja kwa moja kwenye mtungi wa kilo sita bila regyuleta yoyote, wakidhibiti moto kwa kufungua na kufunga kidogo pale juu. Wengi wao wana nyusi fupi.

Neno moja kwa wale waliokwisha kuwaza kuboresha: usiingize oksijeni kwenye tochi ya bomba. Mchanganyiko wa gesi na oksijeni huwaka kwa kasi kubwa mara nyingi kuliko ule wa gesi na hewa, na bomba lako litageuka mzinga. Oksijeni ina tochi zake.

Tochi ya kununua, ya gesi ileile

Hapa kuna ndugu wawili wasiofanana. Mkubwa ni ile tochi ya mafundi wa paa, yenye shingo ndefu na mdomo kama kikombe, inayotumika kubandika karatasi za lami kwenye paa bapa. Ina moto mwingi, laini na mpana. Kwa kupasha kiwiliwili kizima cha sanamu kabla ya kuunga, haina mpinzani. Kwa jicho la ndege, ni kama kumnyoa mtoto kwa panga.

Mdogo ni tochi ya mafundi wa bomba na majokofu, yenye kichwa kinachozungusha mwali ndani kama kimbunga. Mwali wake ni mfupi, mgumu, wa buluu, na hauogopi kona kwa sababu umeundwa ukiwa na mgandamizo wa kutosha na milango ya hewa iliyopimwa. Nilipoazima moja kwa mara ya kwanza nilimaliza makwapa yote mawili ya kongoti kabla chai haijapoa. Hapo niliona kwamba tochi yangu ya bomba na hii ya dukani zilikuwa na joto lilelile, gesi ileile na mtungi uleule, ila moja ilikuwa inanitaka niibembeleze.

Za kopo, zile za kuchomeka juu ya kopo la gesi ndogo, ni nzuri kwa pete, hereni na spoki moja moja. Kopo linaisha haraka na bei ya gesi yake kwa kilo ni ya kukatisha tamaa. Nimemaliza na hizo.

Mtungi ndio unaoamua kazi itachukua muda gani, na hili ni sawa kwa ya kujiundia na ya kununua. Jeti ya milimita 0.8 kwa bar 1 hunywa zaidi kidogo ya kilo 0.7 kwa saa, kwa hesabu zangu, ya 0.6 kama kilo 0.4. Ukigawanya, mtungi wa kilo sita ungekupa saa nane kwa jeti kubwa. Haukupi. Gesi iliyo ndani iko katika hali ya maji, na ili igeuke mvuke inahitaji joto, ambalo inalitoa kwenye mtungi wenyewe. Baada ya nusu saa ya moto mkubwa, asubuhi ya Julai, mtungi mdogo unafanya umande, kisha unavaa theluji nyeupe kiunoni, na mwali unaanza kunyauka ukiwa na nusu ya gesi ndani. Usiulaze chini ili "itoke vizuri", kwa maana itatoka ikiwa maji na kuwaka kama joka. Usiuweke karibu na moto. Tumia mtungi wa kilo 13, ambao una maji mengi zaidi na ngozi kubwa zaidi ya kuvutia joto, au pumzika.

Mitungi miwili

Watu huinunua kwa sababu ya heshima. Ukiwa na mitungi miwili karakanani, nyeusi na nyekundu au rangi yoyote ile iliyopakwa na msambazaji, wateja wanakuita fundi bila kuulizwa. Nami niliitamani kwa hilo, sina haja ya kuficha.

Uwezo wake ni wa kweli. Mwali ni kama ncha ya kalamu. Unaweza kuunganisha spoki katikati ya spoki nyingine ishirini bila kufungua viungo vya jirani. Springi ya lori haiutishi. Unaweza kukata, kupinda, kuunga na kuchomelea kwa tochi moja kwa kubadilisha ncha. Na unarekebisha tabia ya moto: kwa rodi ya shaba wengi huongeza oksijeni kidogo, ili zinki isichemke sana kutoka kwenye rodi.

Ubaya wake kwa sanamu ndogo ni huohuo ukali. Joto lote liko mahali padogo, hivyo ukisahau mkono kwa sekunde mbili, kijiko kinaanguka kama ute wa yai. Mwanzoni nilipoteza vijiko vingi kwa mitungi miwili kuliko nilivyopoteza kwa tochi zote nyingine. Fundi mzoefu anauzungusha mwali bila kukoma. Mimi nilihitaji miezi kujifunza.

Kisha kuna masharti, nayo si ya kutishia watoto. Asetilini haitumiwi kwa mgandamizo unaozidi bar 1, kwa sababu ikibanwa zaidi inaweza kujivunja na kulipuka bila hata hewa. Ndani ya mtungi wake imeyeyushwa katika asetoni iliyonyonywa na kitu chenye vitundu kama sifongo, ndiyo maana mtungi husimama wima siku zote. Ukiulaza, asetoni inatoka na gesi. Isipitishwe kwenye bomba la shaba tupu, kwani shaba na asetilini huzaa chumvi inayolipuka kwa kuguswa. Upande wa oksijeni, grisi na mafuta ni mwiko: mkono uliotoka kwenye mnyororo wa baiskeli usishike vali ya oksijeni kabla haujaoshwa. Fikiria hilo kwa mtu anayefanya kazi ya vyuma kuukuu vya soko la Gikomba. Na lazima uwe na vizuizi vya moto kurudi nyuma kwenye mipira yote miwili, vitu ambavyo muuzaji wa vifaa vya mtumba atakuambia havina haja.

Gharama yake inazidi ya tochi ya bomba mara nyingi, na haiishii siku ya kununua. Mitungi mara nyingi ni ya kukodi, kuna kuijaza, kuna kuisafirisha. Mtu anayeunga sanamu mbili kwa mwezi anailipia ikiwa imelala.

Kilichovunja shingo ya kongoti

Narudi kwenye ile jioni. Kabla sijatoa pesa ya mitungi miwili, nilimpelekea mzee mmoja anayeziba rejeta karibu na Kirinyaga Road yule ndege, pamoja na tochi yangu ndani ya gunia.

"Habari yako, mzee. Nataka uniambie kama hii tochi ina makosa."

Hakuitazama tochi. Alitazama kiungo. "Kijana wangu, ulipasha rodi au ulipasha chuma?"

Nikanyamaza.

"Rodi ni mgeni. Mgeni haingii nyumba ambayo mlango haujafunguliwa. Washa."

Akaniambia nisogee kivulini kwanza, nyuma ya mlango wa gari bovu. Kwenye jua la saa saba huoni mwali wala rangi ya chuma. Unafanya kazi kwa kubahatisha. Kivulini, chuma kinasema. Akasugua shingo na kichwa kwa msasa hadi vikang'aa, akavibana kwa waya vikiwa vimeachana kwa unene wa karatasi, akapaka boraksi, unga wa kusafishia chuma kinapopashwa, iliyokorogwa na maji. Akazunguka na moto kutoka upande wa nyuma, wa kipande kinene zaidi, bila kuleta rodi karibu. Boraksi ikavimba, ikawa nyeupe na yenye mapovu kama uji unaofurika, ikakauka. Akaendelea. Ikazama, ikatulia, ikawa angavu kama kioo kilicholowa, na chini yake chuma kikatoka wekundu wa giza kikaja wekundu wa nyanya, kikaelekea chungwa. Hapo ndipo alipogusisha rodi, upande ambao moto haukuwapo. Shaba ikakimbia yenyewe kuufuata moto, ikapita chini ya kiungo na kutokea upande wa pili, mstari mwembamba wa dhahabu pande zote.

Alitumia tochi yangu, ile ya bomba, na mwali wake uleule wenye kulamba upande.

Vitu ambavyo tochi haitakuokoa navyo

Vijiko na uma nyingi ni za chuma kisichoshika kutu, na boraksi peke yake haiwezi ule utando wake wa kromiamu. Utapasha hadi usiku na shaba itakuwa inajiviringa. Tumia rodi ya fedha na flaksi, dawa ya kupaka kama boraksi, yenye floraidi iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, ukiwa na hewa nyingi, na uulize rodi isiyo na kadimiamu, kwa maana moshi wa kadimiamu unaua. Rodi za shaba na fosforasi, zinazopendwa na mafundi wa majokofu, ni za shaba kwa shaba. Kwenye chuma zinashika leo na kukatika kesho kama biskuti. Mabati yaondolewe zinki kwanza.

Shokamzoba za magari ni miguu mizuri ya sanamu. Ndani yake kuna mafuta, na mara nyingi gesi iliyobanwa. Usizipashe moto zikiwa zimefungwa. Vivyo hivyo tumbo la ndege ulilolifunga pande zote: toboa tundu la kupumulia mahali pasipoonekana kabla ya kuwasha.

Ipi kwa nani

Anayeishi kwenye ghorofa, jibu ni hakuna. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi dirishani, inashuka ngazi, inajaza mtaro, inasubiri cheche kwa jirani wa chini. Baada ya mlipuko wa lori la gesi kule Mradi, Embakasi, usiku wa Februari 1, 2024, uliojeruhi mamia ya watu, mwenye nyumba wangu alipita mlango kwa mlango akihesabu mitungi. Sikumlaumu. Kodi nafasi kwenye banda la watu, hata kwa siku mbili za wiki. Kamukunji na Kariobangi Light Industries kuna mabanda ambayo jirani yako anapiga nyundo kwa kelele kuliko tochi yako inavyovuma.

Anayeanza, mwenye ua wazi na anayeunga spoki, misumari, minyororo na vijiko, namshauri anunue regyuleta ya mgandamizo wa juu, mpira na vali vizuri kabisa, kisha ajiundie kichwa cha nusu inchi. Pesa iliyobaki iende kwenye rodi za fedha na matofali manne yanayohimili moto. Haya matofali yana thamani kuliko ncha yoyote ya bei: ukiyapanga kuzunguka kiungo, joto lililokuwa linatoroka linarudi, na tochi ndogo inafanya kazi ya tochi kubwa. Nimepasha gia ya baiskeli hadi rangi ya chungwa ndani ya kibanda cha matofali kwa kichwa cha nusu inchi, jambo ambalo hadharani halikuwezekana.

Anayeuza kila wiki na mwenye kazi yenye makwapa mengi, ongeza tochi ya dukani yenye mwali wa kuzunguka kwenye regyuleta hiyohiyo. Hutatupa chochote ulichonunua mwanzo.

Mitungi miwili namwachia anayefanya ndovu na twiga wa ukubwa wa kweli, vyuma vinene, kila siku, karakanani penye mlango mpana. Na hata huyo, kwa vipande vinene kabisa, mara nyingi mashine ya umeme itamfaa zaidi.

Mimi mwenyewe sikuinunua. Viungo vinene navipeleka Jumamosi kwa jirani wa banda la tatu, ananitoza kwa kiungo, na mimi namuungia vipini vya masufuria. Tochi ya bomba inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, mdomo wake umeungua ukawa na rangi ya shingo ya njiwa. Nimebadilisha jeti mara tatu. Yule kongoti aliyeungwa na mzee wa rejeta yuko sebuleni kwa mteja huko South B, na mara ya mwisho nilipopita, watoto walikuwa wamemvika kofia ya shule, wananing'inia shingoni mwake.